Je, Wajua? Wimbo Ambao Hakuna Anayeupiga

Je, wajua kwamba soko la Owino, inakomiminika mitumba ya Kampala nzima, lina jina la mtu aliyetungiwa muziki mkubwa? Jina lake rasmi ni St. Balikuddembe. Joseph Mukasa Balikuddembe alikuwa mhudumu katika ikulu ya Kabaka Mwanga, akauawa tarehe 15 Novemba 1885, wa kwanza miongoni mwa mashahidi Wakatoliki wa Uganda. Walipotangazwa watakatifu mwaka 1964, mtunzi Joseph Kyagambiddwa alikuwa amewaandalia utungo mrefu wa kwaya, na badala ya kuazima sauti za Ulaya alichota kwenye ngoma na nyimbo za Kiganda.

Ukitoka Owino ukapanda kuelekea Mengo, hufiki mbali kabla ya kuuona ukuta wa Lubiri, jumba la Kabaka. Humo ndimo ilimokuwa shule ya muziki ngumu kuliko nyingi duniani, ingawa haikuwa na ubao wala daftari.

Chukua amadinda, marimba ya Kiganda yenye vibao 12. Vibao hivyo huchongwa kwa mti wa musambya na kulazwa juu ya vigogo viwili vya mgomba. Wapigaji wawili huketi wakitazamana, kila mmoja na vijiti vyake viwili. Wa kwanza, omunazi, hushika mfululizo wake wa sauti kwa mwendo usioyumba. Wa pili, omwawuzi, hupenyeza mapigo yake katikati kabisa ya mapigo ya mwenzake. Yakiunganishwa, mapigo yanaweza kufika 600 kwa dakika. Ajabu ni kwamba hakuna kati yao anayejiona anapiga pembeni: kila mmoja husikia pigo lake kuwa ndilo la msingi.

Kisha yupo wa tatu, omukoonezi, na huyu ndiye anayenivutia zaidi. Hapewi mfululizo wake mwenyewe wa kukariri. Kazi yake ni kusikiliza sauti zinazozuka kwenye vibao viwili vikubwa kabisa, cha 1 na cha 2, zikichangiwa na mikono ya wenzake wote wawili, kisha kuzirudia kwenye vibao viwili vidogo, cha 11 na cha 12, oktavu mbili juu. Anapiga wimbo ambao hakuna kati ya wenzake anayeupiga peke yake. Mazoezi yake ni ya sikio kabla ya kuwa ya mkono, na ndiyo maana huwezi kujifunza amadinda kwa kujifungia chumbani. Lazima mtu akae mbele yako.

Je, wajua ni nani aliyekaa mbele ya wageni? Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa ikulu, ambaye pia alipiga na kufundisha katika Jumba la Makumbusho la Uganda. Mwaka 1959 alikuja kijana kutoka Austria, Gerhard Kubik, akajifunza kwake. Maandishi ya Kubik kuhusu sauti hizo zinazozuka zenyewe yalisomwa hadi Ulaya, na mtunzi György Ligeti alipoandika etudi zake za piano miaka ya 1980, muziki wa Afrika ulikuwa mojawapo ya vyanzo vyake. Nadhani jina la Muyinda lilistahili kutajwa katika kila ukumbi etudi hizo zilikopigwa.

Tarehe 24 Mei 1966 jeshi la serikali lilishambulia Lubiri. Kabaka Mutesa II alikimbilia uhamishoni na wapigaji wa ikulu wakatawanyika. Ufalme ulirudishwa mwaka 1993, baada ya kizazi kizima.

Mjini, muziki ulishika njia nyingine. Kadongo kamu, gitaa moja na msimulizi mmoja, ulichota visa vya ndoa, madeni na misiba, vile vile vinavyozungumzwa sokoni. Paul Kafeero aliimba juu ya kifo kwa kirefu katika *Walumbe Zzaaya*. Bernard Kabanda, aliyefariki mwaka 1999, alikuwa akicharaza nyuzi huku mkono huo huo ukigonga ubao wa gitaa kama ngoma. Na Afrigo Band ya Moses Matovu, iliyoanza mwaka 1975, imedumu jukwaani kupitia serikali zote zilizofuata.

Je, wajua kwamba sauti za wapigaji wa zamani bado zipo? Klaus Wachsmann, msimamizi wa Jumba la Makumbusho la Uganda kuanzia mwaka 1948, alirekodi muziki sehemu nyingi za Uganda, na nakala zimerudishwa Chuo Kikuu cha Makerere. Mwanafunzi anaweza kwenda kuzisikiliza. Lakini kwenye rekodi ya amadinda sikio hukamata wimbo uliozuka, si kile ambacho kila mkono ulikipiga, hivyo atamhitaji bado mtu anayeijua sehemu ya omunazi, na mwingine anayeijua ya omwawuzi.