Taa za Krismasi Zinazocheza Ovyo: Dola Yako Ianzie Wapi?

Mwaka 2004 Carson Williams, mhandisi wa umeme wa mji wa Mason, jimbo la Ohio nchini Marekani, alifunga taa 16,000 nyumbani kwake, zikawa zinawaka na kuzimika kwa kufuata muziki. Kompyuta yake iliongoza chaneli 88 tu, na kila chaneli ilibeba mafungu ya taa kwa pamoja. Leo wenye nyumba wa kawaida huko Marekani, wakiwemo jamaa zetu wanaoishi kule, wanaweza kuongoza piseli 1,000 ambazo kila moja ina chipu yake na rangi yake. Amri zote za mkufu mmoja hupita kwenye waya mmoja mwembamba wa data, na kelele ya umeme ikiuingia waya huo, taa huanza kucheza ngoma yao wenyewe.

Maduka yana dawa nyingi za kelele hiyo, za senti kadhaa hadi za dola mia. Nyingi hununuliwa kabla mnunuzi hajajua ugonjwa ni upi. Bei zilizotajwa hapa ni makadirio ya soko la Marekani, nazo hupanda na kushuka kwa msimu.

Kwanza, ni kelele kweli?

Zitazame taa zikiwa zimewashwa nyeupe. Kama mwanzo wa mkufu ni mweupe na mwisho unageuka manjano au mwekundu, hiyo si kelele. Volti zimepungua njiani, na dawa yake ni kuingiza umeme tena katikati au mwishoni mwa mkufu kwa nyaya nene zaidi. Kama taa zote zinaganda kwa pamoja kisha zinaruka, chunguza mtandao, hasa ikiwa amri zinakwenda kwa Wi-Fi. Kama kasoro inaanzia piseli ileile kila siku, piseli hiyo au ile iliyo kabla yake imekufa au imeingia maji. Ikate, uunge nyingine.

Kelele yenyewe hujitambulisha kwa namna moja: piseli ya kwanza kabisa inawaka rangi ambazo hukuziagiza, na zilizo nyuma yake zinaifuata. Sababu ni kwamba chipu za aina ya WS2811 hupokea biti 800,000 kwa sekunde, na kila piseli huisafisha ishara kabla ya kuipitisha kwa jirani yake. Kwa hiyo sehemu dhaifu ni ule waya kati ya kontrola, yaani kifaa kinachotuma amri, na piseli ya kwanza. Fedha za kuzuia kelele zitumike hapo.

Chaguo nne za waya wa data

*Rezista na chipu ya kupandisha volti: chini ya dola 3.* Rezista ya omu 300 hadi 500 kwenye waya wa data hupunguza mwangwi wa ishara. Kontrola ndogo za ESP32 na Raspberry Pi hutoa data kwa volti 3.3, ilhali piseli za volti 5 za aina ya WS2812B zinadai angalau asilimia 70 ya volti zao, yaani 3.5. Zinaweza kuwaka vizuri mezani sebuleni, kisha zikakukana usiku wa baridi nje. Chipu ya 74AHCT125 huziba pengo hilo. Kontrola zilizotengenezwa maalumu kwa ajili ya piseli kwa kawaida huja nayo tayari, basi usiinunue mara mbili.

*Piseli ya kupokezana: senti kadhaa.* Kata piseli moja kutoka mkufu wa akiba, uiweke katikati ya njia kati ya kontrola na taa ya kwanza, kisha uiambie programu iiache bila kuwaka. Itaisafisha ishara na kuipitisha. Hasara yake ni kwamba nayo inahitaji umeme na kinga ya maji.

*Kikuza ishara: dola 3 hadi 6 kwa kila mkufu.* Ni kibao kidogo kinachofanya kazi hiyohiyo bila kutumia nafasi ya piseli kwenye programu. Huokoa muda kwa mwenye mikufu mingi.

*Ishara pacha: dola 15 hadi 30 kwa kibao cha kupokea, pamoja na kontrola yenye uwezo wa kuituma.* Data hutumwa kwenye nyaya mbili zilizosokotwa pamoja ndani ya kebo ya mtandao ya Cat5e. Kelele ikiingia huzigusa zote mbili sawasawa, na kipokeaji husoma tofauti kati yake tu, hivyo kelele inajifuta. Njia hii huvuka makumi ya mita pale waya wa kawaida unaposhindwa.

Tuseme kontrola iko gereji na mikufu minne iko mita 12 mbele. Vikuza vinne vitakugharimu dola 12 hadi 24, na mara nyingi vitatosha. Ishara pacha itadai dola 40 na zaidi ukijumlisha kebo, mbali na kontrola. Lakini lipo chaguo la tatu ambalo wengi hulisahau: ihamishe kontrola. Sanduku la plastiki lisiloingia maji huuzwa kwa dola 15 hadi 25, na kebo ya mtandao hufika mita 100 bila shida. Ukiiweka kontrola mita 2 kutoka taa ya kwanza, huenda usihitaji kikuza chochote.

Pawa saplai: usibane hapa

Pawa saplai ya wati 350 ya kampuni inayojulikana, kama Mean Well, ni takriban dola 30 hadi 40. Isiyo na jina hupatikana kwa nusu ya bei. Tofauti iko ndani: za bei ya chini huweza kukosa kichujio cha kelele, au wati zilizoandikwa zikawa za karatasi tu. Kelele yake hurudi kwenye nyaya za nyumba, ikatoka hewani na kuharibu redio ya jirani.

Jambo hili lina sheria. Kanuni za FCC, mdhibiti wa mawasiliano wa Marekani, Sehemu ya 15, zinamtaka mwenye kifaa aache kukitumia kikisumbua mawasiliano ya redio yenye leseni, hadi kitengenezwe. Huko Uingereza, mwaka 2015 mdhibiti wa mawasiliano Ofcom aliwaonya wananchi kwamba taa za Krismasi zinaweza kudhoofisha Wi-Fi ya nyumbani.

Kipimo chake ni bure: chukua redio ya betri, iweke AM mahali pasipo na stesheni, uzunguke nayo huku ukizima pawa saplai moja baada ya nyingine. Mngurumo ukikatika, umempata mhalifu. Vipete vya feraiti vya kubana kwenye waya, pakiti nzima kwa dola 10 hivi, husaidia hapa. Pitisha waya mara tatu au nne ndani ya kipete, maana nguvu yake huongezeka kwa mraba wa idadi ya mizunguko. Lakini usivitarajie viponye piseli inayopokea volti pungufu.

Saplai nzuri nayo ina kero yake. Kichujio chake huvujisha umeme kidogo kwenda ethi, kwa kawaida chini ya miliampia 1. Ukichomeka sita au saba kwenye soketi moja ya nje, kikata umeme cha usalama, ambacho Marekani hukata kwenye miliampia 4 hadi 6, kinaweza kuruka hata kama hakuna hitilafu. Zigawe kwenye soketi zenye vikata tofauti. Usikate waya wa ethi ili kukinyamazisha. Waya huo ndio unaolinda watoto wanaogusa taa kwenye majani yenye unyevu.

Kwa anayebeba vifaa kuja nyumbani

Saplai nyingi za aina hii zina swichi ndogo ubavuni: 115 au 230. Iliyokuwa ikitumika Marekani huwa imewekwa 115. Ukiichomeka Dar es Salaam au Nairobi kabla ya kuigeuza, itaungua papo hapo. Pia mwite fundi apime ethi ya jengo kwanza, kwa sababu soketi yenye matundu matatu si hakikisho kwamba waya wa tatu umefungwa kokote.

Uamuzi

Kwa umbali wa chini ya mita 3, nunua rezista na chipu tu. Kati ya mita 3 na 15, kikuza ishara ndicho kinachotoa faida kubwa kwa fedha kidogo. Zaidi ya hapo, isogeze kontrola, na isiposogezeka ndipo ulipie ishara pacha. Bajeti ikiwa finyu, punguza idadi ya piseli kabla ya kupunguza ubora wa pawa saplai.