Punda, Mbwa na Mtu Barabarani Baada ya Jua Kuzama

Katika ziara za robo mwaka hii kwenye sharika zilizo kandokando ya barabara kuu ya Singida kwenda Babati, swali lililojitokeza mara nyingi zaidi halikuwa la visima wala la mbegu. Wazee waliuliza tufanye nini kuhusu wanyama wanaogongwa jioni pamoja na wenyewe. Jambo hili halimo katika mpango kazi wetu wa mwaka. Hata hivyo, tumeona ni vema tulieleze hapa kwa kirefu kidogo, kwa kuwa sehemu kubwa ya ufumbuzi wake iko mikononi mwa kamati zenyewe na haihitaji fedha nyingi.

Kwa marafiki zetu walioko nje ya nchi, ni vizuri kueleza kwanza kwamba huku kwetu watu hawatoki jioni kumtembeza mnyama kwa ajili ya mapumziko. Watu na wanyama wanarudi nyumbani. Mama anatoka kisimani na punda aliyebeba madumu, kijana anatoka mnadani na mbuzi ambao hawakuuzwa, na mbwa wa nyumbani anafuata nyuma bila kualikwa. Punda huyo ana jina, watoto wanamjua, naye akifa familia inarudi kubeba maji kichwani.

Mwezi wa Juni mwaka jana mama mmoja mwanakwaya alikuwa akirudi hivyo, akiwa na punda wake na mbwa. Lori lilitokea nyuma yao. Dereva, ambaye alisimama na kusaidia kumfikisha hospitali, alieleza kwamba aliona macho mawili yanayong'aa upande wa kushoto, akajua ni mbwa, akakata kona kidogo kulia ili amkwepe. Punda na mama walikuwa kulia. Hakuwaona kabisa hadi alipokuwa juu yao. Punda alikufa pale pale, na mama alivunjika mguu, akakaa miezi minne bila kulima. Mbwa hakuguswa.

Nimeisimulia ajali hii kwa sababu ndani yake yamo karibu mambo yote tunayopaswa kuyaelewa. Macho ya mbwa, mbuzi, ng'ombe na punda yana utando wa nyuma unaorudisha mwanga, ndiyo maana yanawaka yakipigwa na taa. Macho ya binadamu hayana utando huo. Lakini hata kwa mnyama, macho yanasaidia pale tu anapoitazama taa. Punda aliyebeba mzigo anatazama mbele, na kwa gari linalotoka nyuma yeye ni kivuli cha kijivu juu ya lami ya kijivu.

Sasa tuangalie mwendo. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa linapita mita 22 kila sekunde. Dereva aliye macho anahitaji kama sekunde moja na nusu kutambua alichokiona na kukanyaga breki, na kwa muda huo gari limeshakwenda mita 33. Kutoka hapo, hata lami ikiwa kavu na breki zikiwa nzima, gari dogo linahitaji kama mita 35 nyingine kusimama, na lori lenye mzigo zaidi ya hapo. Jumla inakaribia mita 70. Lakini dereva aliyepunguza taa kwa sababu anapishana na mwenzake huenda asimwone mtu mwenye nguo nyeusi hadi abakize mita 40 au pungufu. Hesabu haikubali, hata kama dereva ni mwangalifu na hajanywa kitu.

Huku kwetu giza nalo halitoi nafasi. Jua linazama kati ya saa 12 na nusu na saa 1 jioni mwaka mzima, na baada ya dakika 20 hivi ni usiku. Anayesema "nitafika kabla ya giza" mara nyingi anakosea kwa hizo dakika 20.

Wazee wengi walipendekeza nguo nyeupe. Nguo nyeupe inasaidia kuliko nyeusi, ila si kwa kiwango tunachofikiri, kwa sababu kitambaa cheupe hutawanya mwanga pande zote na ni kiasi kidogo tu kinachomrudia dereva. Rifleta, kama ile ya fulana za bodaboda au stika za nyuma ya malori, ina chembe ndogo sana za kioo au vipande vya plastiki vilivyochongwa ili mwanga urudi kule kule ulikotoka. Dereva ameketi karibu na taa zake, kwa hiyo yeye ndiye anayeuona, na anauona kutoka zaidi ya mita 100. Nilipotembelea usharika rafiki nchini Finland mwezi wa Novemba, ambako jua lilizama kabla ya saa 10 alasiri, niliona kila mtu ana kipande cha rifleta kinachoning'inia kwenye koti, na mbwa wao wamevaa vizibao. Kule sheria inamtaka mtembea kwa miguu avae rifleta gizani. Nilicheka kumwona mbwa mwenye kizibao. Baada ya ajali ya Juni sikucheka tena.

Marafiki hao walitutumia boksi la mikanda ya rifleta ya kuvaa mkononi, nasi tunawashukuru. Kwa watoto wa shule imefaa sana. Kwa punda haikufaa, ilikuwa mifupi na ilikatika wiki ya kwanza. Kwa maoni yangu ni afadhali kushona hapa hapa. Kikundi cha akina mama cha usharika mmoja kinachana fulana kuukuu za bodaboda na kushona vipande vyake juu ya mikanda ya magunia. Mkanda mmoja unapita kifuani mwa punda, mwingine nyuma ya mapaja chini ya mzigo, kwa sababu taa zilizopunguzwa humulika chini. Mkanda wa shingoni peke yake hautoshi, mzigo unauficha. Kwa mbwa, kola pana inatosha akiwa na manyoya mafupi. Kwa kundi la mbuzi, wavisheni wa kwanza na wa mwisho, na mchungaji mwenyewe afunge vifundoni, maana mguu unaotembea hutambulika upesi kuwa ni mtu.

Rifleta iliyojaa vumbi haifanyi kazi, ifutwe kwa kitambaa chenye maji. Pia haina mwanga wake yenyewe. Pikipiki isiyo na taa haitaiona, kwa hiyo tochi bado inahitajika, ikielekezwa chini na si machoni mwa dereva. Tochi hiyo hiyo itakuonyesha moma aliyelala njiani.

Tembeeni nje ya lami panapowezekana. Pasipowezekana, mtembee upande wa kulia ili magari ya upande wenu yaje mbele ya macho yenu, mnyama akiwa upande wa majani na mtu upande wa lami. Kamba iwe fupi, isivuke barabara, na kamwe isizungushwe kwenye kiganja. Punda akishtuka atakuburuta.

Kuna hatari nyingine isiyo ya magari. Jioni ndipo mbwa wa ulinzi wanapofunguliwa. Aliyeumwa au kukwaruzwa aoshe jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo bila kungoja kuona kama mbwa ataugua. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Mbwa anayefuatana nanyi jioni awe amechanjwa, na chanjo irudiwe kila mwaka.

Kamati zinazotaka kujifunza ushonaji wa mikanda zilete majina ya watu wawili kwa mkuu wa jimbo kabla ya kikao kijacho. Waje na fulana kuukuu, hata zilizochanika. Mama mwanakwaya atakuwa miongoni mwa wakufunzi. Anatembea kwa fimbo, na punda mpya bado hajapata.