Uraia hausomwi usoni

Katika mpaka wa Sirari, ukishatoka upande wa Tanzania na kabla hujaingia Kenya, kuna kipande cha ardhi kisicho cha nchi yoyote. Mwishoni mwa 2014 mtu mmoja aliyezaliwa Mkoa wa Mara mwaka 1979 alijikuta akiishi hapo. Alikuwa na cheti cha kuzaliwa cha Tanzania na pasipoti ya Tanzania. Balaa lake lilianza 2012, alipokwenda polisi kushughulikia taratibu za ndoa. Pasipoti ikatiliwa shaka, ikazuiliwa. Miaka miwili baadaye akakamatwa na kupelekwa Kenya kwa nguvu. Wakenya nao wakamwona mhamiaji haramu, wakamrudisha. Tanzania ikakataa kumpokea.

Shauri lake lilifika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake ni Arusha. Hukumu ilitolewa Machi 22, 2018, na kila anayezungumzia wahamiaji haramu angefaa kuisoma. Majaji hawakusema kwamba nchi haina haki ya kulinda mipaka yake. Walisema kwamba mtu akiwa na nyaraka zilizotolewa na serikali yenyewe, serikali ndiyo yenye mzigo wa kuthibitisha kuwa si raia. Tena walitazama ushahidi uliokuwapo, watu wakipingana kuhusu wazazi wake, huyu akisema ni mwanangu na yule akikana, wakaeleza kuwa kipimo cha vinasaba kingeweza kumaliza ubishi. Hakikufanyika. Mtu akafukuzwa nchini kwa maneno ya mdomoni, wakati kipimo cha maabara kingetoa jibu.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame. Siku hizi kuna watu wanaosema ukweli ni wa kila mtu na mtazamo wake. Katika uraia msemo huo ni hatari. Mtu ama alizaliwa Butiama, mkoani Mara, au hakuzaliwa huko. Mama yake ama ni huyu au ni mwingine. Jibu lipo hata kama hatujalijua, na kazi ya sheria ni kutuwekea njia ya kulifikia inayofanana kwa wote, tajiri na maskini, mwenye jina linalozoeleka na mwenye jina linalotufanya tugeuke kumtazama mara ya pili.

Nenda Ngara, mkoani Kagera, uone jinsi njia hiyo ilivyo finyu. Kihangaza kinachozungumzwa huko kinaelewana na Kirundi, kama Kiha cha Kigoma kinavyoelewana nacho. Rwanda, Burundi na Tanganyika zilikuwa koloni moja la Wajerumani hadi Vita Kuu ya Kwanza, na Bugufi, ambayo leo ni sehemu ya Ngara, ilikuwa ya ufalme wa Burundi kabla Waingereza na Wabelgiji hawajagawana nchi. Kwa hiyo lafudhi haithibitishi kitu. Wala urefu wa mtu, wala pua yake, wala ng'ombe anaowachunga.

Septemba 2013 ilikuja Operesheni Kimbunga, ya kuwasaka wahamiaji haramu, katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Rais Kikwete alikuwa ametoa muda wa wiki mbili walioingia kinyume cha sheria waondoke wenyewe. Sababu za kuchukua hatua zilikuwapo na hazikuwa za kubuni: magari yalikuwa yakitekwa njiani na watu wenye silaha, mifugo ilikuwa imejazana misituni, na wakulima walikuwa wamechoka. Uhusiano na Rwanda nao ulikuwa umeingia doa tangu Mei mwaka ule, Kikwete aliposhauri Kigali izungumze na waasi wa FDLR. Maelfu ya watu waliondoka, wengine kwa hiari, wengine kwa kukamatwa. Miongoni mwao walikuwamo walioishi Tanzania miongo kadhaa na waliooa au kuolewa hapa. Wapo walioacha watoto upande wa pili wa mpaka.

Sasa angalia tarehe. Vitambulisho vya Taifa vilianza kutolewa Februari 2013. Sensa ya 2012 ilionyesha kuwa takriban asilimia 13 tu ya watu wa Tanzania Bara ndio waliokuwa na vyeti vya kuzaliwa. Maana yake ni kwamba tulikwenda kutenganisha raia na wageni miezi saba baada ya kuanza kutoa kitambulisho, katika nchi ambayo wengi hawakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha walikozaliwa. Mzee wa Ngara anapoulizwa babu yake kazikwa wapi, balozi wake wa nyumba kumi alikuwa nani, darasa la saba kamalizia wapi, anajibu kwa kumbukumbu. Afisa naye anaamua kwa kumtazama. Hakuna kati yao aliye na kitu cha kushika mkononi.

Na tuseme kweli kwa pande zote. Wapo wageni wanaoingia kwa njia za panya na kununua uraia mezani kwa mtendaji wa kijiji. Barua ya utambulisho yenye muhuri inapatikana kwa bei ya mbuzi, shahidi wa kusema "huyu ni mtoto wa marehemu kaka yangu" anapatikana kwa chini ya hapo. Anayeuza barua hiyo anamwibia jirani yake, kwa sababu kila barua ya uongo inaifanya ya kweli isiaminike. Wasafirishaji wa binadamu nao wasionewe huruma. Juni 2012 miili ya Waethiopia zaidi ya 40 ilitupwa porini Chitego, Dodoma, baada ya kukosa hewa ndani ya lori lililokuwa likiwapeleka kusini. Marekebisho ya sheria ya uhamiaji ya 2015 yaliweka faini ya shilingi milioni 20 au kifungo cha miaka 20 kwa wasafirishaji, na mimi sioni ukali wowote uliozidi hapo.

Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Dereva wa lori lile angefikishwa mahakamani, angesomewa mashtaka, angekuwa na wakili na nafasi ya kukata rufaa. Anayeambiwa "wewe si Mtanzania" hana uhakika wa hayo. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Uraia, kama kilivyotungwa 1995, kinasema waziri halazimiki kutoa sababu za uamuzi wake juu ya maombi ya uraia, na uamuzi huo hauwezi kukatiwa rufaa wala kupitiwa na mahakama yoyote. Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Kifungu cha 5 cha sheria hiyo hiyo, ukikisoma kama kilivyoandikwa, kinampa uraia karibu kila aliyezaliwa ndani ya Jamhuri ya Muungano kuanzia Aprili 26, 1964, isipokuwa watoto wa wanadiplomasia wageni na wa adui. Kwenye utendaji, maofisa hudai angalau mzazi mmoja awe raia. Inawezekana kabisa kuwa utaratibu huo wa maofisa una busara. Basi uandikwe kwenye sheria. Maandishi yakisema hivi na dirishani kukiwa na vingine, mwananchi atajuaje anatawaliwa na kipi?

Bila mahakama, ukweli hubaki mali ya mwenye cheo. Februari 2001 serikali ilitangaza kuwa Jenerali Ulimwengu, mwandishi aliyekuwa akiikosoa, si raia. Mtu huyu aliwahi kuwa mkuu wa wilaya na mbunge. Zambia walitutangulia: mwaka 1999 Mahakama Kuu ilimtamka Kenneth Kaunda, aliyeiongoza nchi hiyo miaka 27, kuwa si raia. Kaunda alikuwa na mahali pa kukatia rufaa, na mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ikamrudishia uraia wake.

Tunajua kufanya vizuri tukitaka. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 na kulima Katumba, Mishamo na Ulyankulu walichunguzwa, wakajaza fomu, na takriban 162,000 wakapewa uraia. Nchi haikubomoka.

Mahakama ya Arusha iliagiza Tanzania irekebishe sheria ili mtu anayebishaniwa uraia wake apate pa kwenda kulalamika. Mwaka mmoja na miezi minane baadaye, Novemba 2019, Tanzania ilijitoa katika tamko lililowaruhusu wananchi kuishtaki moja kwa moja kwenye mahakama hiyo. Mlango ule umefungwa, kwa hiyo wa hapa nyumbani ufunguliwe. Wabunge wa Kagera, Kigoma na Mara, ambao wapiga kura wao ndio wanaogongewa milango, walete muswada: serikali ithibitishe, mtuhumiwa asikilizwe, kipimo cha vinasaba kifanyike pale wazazi wanapobishaniwa, na jaji aamue kabla mtu hajavushwa mpaka. Nawe msomaji, kama mtoto wako hana cheti cha kuzaliwa, usingoje operesheni nyingine.