Betri ya Ukutani na Hesabu ya Usiku

Ilikuwa imetundikwa sebuleni, kati ya kalenda na picha ya harusi: nyeupe, nyembamba, na kitaa cha kijani pembeni. Mwenye nyumba, mzee mstaafu wa Kimara, aliinunua kwa kiinua mgongo chake. "Fundi, hii kitu inalala saa nane usiku," aliniambia. "Jioni imejaa pomoni, saa nane giza totoro. Aliyeniuzia anasema niongeze ya pili."

Nikamwambia, mzee wangu, kabla ya ya pili tuifahamu hii ya kwanza. Tukakaa mezani na daftari la mjukuu.

Ubavuni mwa betri pameandikwa volti 51.2 na Ah 100. Zidisha, unapata 5,120, yaani uniti 5.12, uniti zile zile za LUKU: wati 1,000 zikitumika kwa saa moja ndiyo uniti moja. Lakini betri haimwagwi mpaka tone la mwisho. Inveta yake ilipangwa kukata ikibaki asilimia 10, kwa hiyo cha kutumia ni uniti 4.6 hivi. Hiyo ndiyo mali yake kuanzia jua linapozama.

Halafu tukahesabu wanaokula. Inveta yenyewe, hata usipowasha kitu, ilikuwa inakunywa wati 60. Watu wengi hawaijui hii; wanadhani inveta ni mlango tu wa kupitishia umeme, kumbe mlinzi wa mlango naye ana posho yake. Kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa nane usiku ni saa nane, karibu nusu uniti. Friji na friza kwa pamoja zilikuwa zinavuta wastani wa wati 120, kwa hiyo kama uniti moja. Televisheni na king'amuzi, saa nne za taarifa ya habari na tamthilia, uniti 0.4. Mpaka hapo hatujafika hata mbili. Mzee akaanza kunitazama kwa mashaka.

Tukatoka nje. Kwenye kona nne za nyumba kulikuwa na taa nne za zamani za ulinzi, kila moja wati 100, zinazojiwasha saa moja usiku. Kwa saa saba ni uniti 2.8. Jumla uniti 4.64. Betri ilikuwa inazima saa ile ile ambayo hesabu inaitaka izime. Haikuwa na kosa lolote.

Nimeanza na nyumba hii kwa sababu naona watu wakiuziwa betri kama wanavyouziwa friji, kwa ukubwa na mwonekano. Muuzaji anauliza, "Una vyumba vingapi?" Swali linalofaa ni moja: jua likizama, nini kinabaki kimewashwa, na kwa saa ngapi? Mchana paneli zinakulisha zenyewe. Betri unainunua kwa ajili ya usiku, na kila wati unayoiondoa usiku ni betri ambayo hukulazimika kuinunua.

Betri za kutundika ukutani zilipata sifa duniani Aprili 2015, Tesla ilipotangaza Powerwall kule California. Kuhifadhi umeme wenyewe ni jambo la zamani: Mfaransa Gaston Planté alitengeneza betri ya risasi na tindikali mwaka 1859, na ndugu zake ndizo hizi betri za maji zilizo kwenye magari yetu. Kilichobadilika ni kemia. Nyingi zinazoletwa kwetu sasa ni za lithiamu na fosfeti ya chuma. Kwenye boksi utaona herufi LiFePO4. Kemia hiyo ilitoka katika kundi la John Goodenough, Chuo Kikuu cha Texas, miaka ya 1990. Mwaka 2019 mzee huyo alishiriki Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya betri za lithiamu, akiwa na miaka 97.

Tofauti yake na betri ya risasi inaonekana mfukoni. Betri ya risasi ya volti 12 na Ah 200 ina uniti 2.4 kwa maandishi, ila ukitaka idumu usivuke nusu, yaani uniti 1.2. Ukiikamua kila usiku mpaka chini, mwaka wa pili inageuka stuli. Joto nalo linaila: kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza umri wake kwa nusu, na chumba cha stoo chini ya bati Dar es Salaam hakijui nyuzi 25 ni nini. Ukilazimika kuinunua, inyanyue kwanza. Ah 200 za kweli zina kilo 60 hivi. Ukiibeba kwa mkono mmoja, umeuziwa plastiki.

Lithiamu ina ujanja wake pia. Betri ya risasi ikipungua, volti zinashuka taratibu, hivyo ukipima unajua imefika wapi. Hii ya fosfeti volti zake zinakaa karibu pale pale kuanzia asilimia 80 mpaka 30, kisha zinaporomoka. Kwa hiyo ile asilimia kwenye kioo haitokani na kupima volti peke yake. Kompyuta ndogo ndani ya betri inahesabu umeme ulioingia na uliotoka, kama mhasibu asiyeona sanduku la fedha. Makosa madogo yanajilimbikiza. Ikikaa wiki kadhaa za masika bila kujaa, inaweza kukuambia 40 halafu ikazima. Dawa yake ni kuijaza mpaka mwisho mara moja moja, hata kwa umeme wa TANESCO, ili ihesabu upya.

Sasa turudi kwenye mchana, maana huko ndiko kuna pesa iliyolala. Friza ni betri. Gandisha kilo 20 za maji wakati jua linawaka. Usiku barafu ile ikiyeyuka inameza joto la karibu uniti 1.9, kazi ambayo mota ya friza ingeifanya kwa umeme wa betri. Tangi la maji juu ya mnara ni hivyo hivyo: pampu ijaze saa tano asubuhi, isisubiri mtu akaoge saa mbili usiku. Pampu ya nguvu-farasi moja hula wati 750 hivi, lakini inapoanza huvuta mara kadhaa ya hizo kwa kufumba na kufumbua, na hapo ndipo inveta nyingi hulalamika na kuzima. Pasi, mchana. Jagi la umeme, kama unaweza, lisahau. Wati zake 2,000 mkaa au gesi wanazijua.

Mzee aliniuliza pia kama paneli nazo zinaweza kupigiliwa ukutani, maana kaka yake anayeishi Ujerumani amefunga zake kwenye roshani. Ni kweli, kule ni jambo la kawaida, na tangu 2024 sheria yao inaruhusu kwa urahisi mitambo ya roshani yenye inveta ya hadi wati 800. Lakini jua la Berlin mwezi Desemba, saa sita mchana, linafika nyuzi 14 tu juu ya upeo. Linapiga ukuta usoni. Letu la Dar es Salaam mwezi huo liko nyuzi 73, tena upande wa kusini. Ukuta unaotazama kaskazini utapata nusu ya mionzi yake ya adhuhuri mwezi Juni, na Desemba usipate mwonzi wa moja kwa moja hata mmoja. Kwetu ukuta ni wa betri. Paneli ziende juu ya bati, zilale kidogo kuelekea kaskazini, nyuzi 10 hadi 15, mvua ioshe vumbi.

Na ukuta wenyewe uwe wa maana. Betri kama ile ina kilo karibu 50, na matofali yetu mengine ukiyatoboa yanamwaga mchanga. Isitundikwe ukuta wa magharibi unaochomwa na jua la jioni, wala chumba cha kulala. Ile ya sebuleni tuliihamishia koridoni.

Je, inaokoa pesa? Nitasema ukweli wafanyabiashara wenzangu wanune. Uniti 4.6 kila usiku, kwa bei ya shilingi 292 kabla ya kodi na tozo, ni kama shilingi 1,640 ukizijumlisha. Kwa mwaka laki sita hivi. Linganisha na bei uliyotajiwa. Anayelipa shilingi 100 kwa uniti kwa sababu hazidishi uniti 75 kwa mwezi, asijidanganye kabisa. Kinachonunuliwa ni uhakika: nyama isiharibike, cherehani isisimame, mtoto asome.

Kwa mzee tulibadilisha taa zile nne tukaweka za LED za wati 10, basi. Hesabu ya usiku mzima, saa kumi na mbili hadi kumi na mbili, ikashuka hadi uniti 3 na ushee. Wiki iliyofuata alinipigia alfajiri, usingizi haujaniisha.

"Fundi, inasema arobaini na moja."

"Kumekucha, mzee. Zima taa za nje."