Bei ya Kutafuta Kibarua Mombasa

Mkazi wa Likoni huvuka feri kwa miguu bila kulipa chochote. Gharama hubebwa na serikali. Akishafika ng'ambo, hapo ndipo hesabu inapoanza.

Njia anayoijua kila mtu ni kubisha malangoni. Tuseme nauli ya matatu hadi viwanda vya Changamwe, kwenda na kurudi, ni shilingi 150. Siku tano kwa wiki, wiki nne, tayari ni 3,000, bila chai wala nakala za vyeti. Bawabu naye mara nyingi hana habari za nafasi yoyote.

Kuna wakala. Akitaka 5,000 za "kukuandikisha", zipime hivi: kima cha chini cha mshahara wa kibarua wa kawaida Mombasa, kwa nyongeza ya Novemba 2024, kiliwekwa kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Unaombwa karibu thuluthi ya mshahara ambao hujaushika. Hii ndiyo njia ninayoiogopa kuliko zote. Aliyebanwa zaidi ndiye hukubali, tena kwa pesa za kukopa, na kazi isipopatikana deni linabaki nyumbani kwake.

Vyeti navyo. Cheti cha tabia njema kimekuwa kikitozwa shilingi 1,050 kwa miaka mingi. Sheria iliyorekebishwa 2022 inamkataza mwajiri kudai vyeti vya namna hii kabla hajakupa kazi, kwa hiyo usikimbilie kulipa.

Kwa bei, mshindi ni Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya 2016: kujisajili kwenye mtandao wake ni bure. Jisajili. Lakini mtandao haujui kwamba mwenye tanuri la mikate Mikindani anataka watu wawili kesho alfajiri. Habari za vibarua hupita midomoni, na anayezikusanya leo ni wakala.

Ndiyo maana naitaka serikali ilipe afisa wa ajira katika kila wadi, akae ukumbi wa jamii na simu na daftari, awapigie waajiri, amwambie mtu ukweli kabla hajapanda matatu. Mkataba namba 88 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1948, ambao Kenya imeuridhia, unataka huduma ya ajira ya umma iwe bure na iwe na ofisi za mashinani. Watu mia moja wa wadi moja wakiacha kuzunguka malangoni, wanabaki na shilingi 300,000 kila mwezi. Mshahara wa afisa mmoja, meza na simu havifiki hapo.

Makadirio ya bajeti ya taifa hufikishwa Bungeni kufikia Aprili 30, kisha kamati husikiliza wananchi. Aliyewahi kulipa wakala aende na hesabu yake, aliyetembea malangoni aende na ya nauli.