Ngao, Winchi na Springi za Kiwandani

Mafundi wa Arusha wanajua kulivisha gari la safari. Land Cruiser huingia gereji nyepesi na kutoka na ngao ya chuma, winchi, keria juu na tairi ya pili ya akiba kwenye mlango wa nyuma. Springi ni zile zile zilizokuja nalo. Zilitengenezwa kubeba mzigo unaopakiwa na kushushwa; huu haushuki hata gari likilala.

Tuseme ngao na winchi vina kilo 100, vimechomoza sentimita 90 mbele ya ekseli ya mbele, na kutoka ekseli hadi ekseli ni mita 3. Ekseli ya mbele haiongezewi 100. Inaongezewa 130, maana uzito uliochomoza hunyanyua nyuma ya gari, nako kunapungua kilo 30. Tairi na madumu ya dizeli mlangoni hufanya kinyume chake: pua inainuka, taa zinamulika miti, usukani unakuwa mwepesi. Wapo madereva wanaousifia wepesi huo!

Mwingereza Robert Hooke alieleza kanuni hii mwaka 1678: springi hubonyea kwa kadiri ya uzito. Ikiwa kilo 100 zinaishusha sentimita 2, kilo 200 zitaishusha 4. Sentimita hizo zinaliwa kutoka kwenye nafasi ambayo ekseli huitumia kupanda gurudumu likigonga jiwe.

Wengi huongeza jani moja la springi nyuma, gari linainuka, kazi imekwisha. Haijakwisha. Shokapu hutuliza mtikisiko kwa kuugeuza kuwa joto ndani ya mafuta yake, na ya kiwandani ilipangwa kwa uzito na springi za awali. Ongeza vyote viwili, nayo inazidiwa. Kwenye vijituta vya barabara ya mbugani kutoka Naabi kwenda Seronera haipumziki. Mafuta yakipata joto na kufanya povu, gari linarukaruka ovyo.

Tena springi ngumu haziimarishi ekseli, chesisi wala breki. Kikomo cha uzito cha kiwanda kinabaki palepale, na abiria wamo ndani yake. Kwa maoni yangu, keria iliyojaa ndiyo ya kuacha kwanza, kwa kuwa huongeza hatari ya kupinduka. Maji lita 60, yaani kilo 60, yakae chini, kati ya ekseli mbili.

Kabla ya kununua chochote, lipeleke gari kwenye mizani likiwa na mafuta, maji na watu, upime kila ekseli peke yake. Mpe fundi namba hizo mbili, achague springi na shokapu kwa pamoja.