Njaa, Shibe na Sukari: Jinsi Ubongo na Mwili Hupashana Habari

Mtu anapotoka shambani saa saba mchana tumbo likinguruma, hudhani ni tumbo pekee linalodai chakula. Kumbe njaa ni ujumbe unaopita kati ya tumbo, damu na ubongo.

Tumbo likiwa tupu hutoa homoni iitwayo ghrelini. Homoni hiyo hufika kwenye haipothalamasi, sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo, na kuamsha hamu ya kula. Baada ya mlo, utumbo hupeleka habari za shibe kupitia damu na neva. Habari hizo huchukua dakika kadhaa kufika, ndiyo maana anayekula haraka huongeza chakula kabla ya kuhisi ameshiba. Mafuta ya mwilini nayo hutoa leptini, homoni iliyogunduliwa Marekani mwaka 1994, kuujulisha ubongo kiasi cha akiba kilichopo.

Kongosho nayo hutoa insulini. Hii huwezesha misuli kupokea sukari kutoka kwenye damu, na kuliagiza ini lipunguze kutoa sukari yake.

Tatizo huanza pale insulini inapotumwa lakini misuli na ini haviitikii vyema. Sukari hurundikana kwenye damu, na kongosho huchoka kuongeza insulini. Huo ndio ugonjwa wa kisukari wa aina ya pili. Unaweza kukaa miaka bila dalili huku ukidhuru macho, figo na neva za miguu. Wengine hupata kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara, uchovu na kupungua uzito.

Mawasiliano haya yanaweza kusaidiwa. Misuli inapofanya kazi huvuta sukari kwa urahisi zaidi, hivyo matembezi ya kila siku yana faida. Kukosa usingizi huongeza njaa. Kula polepole, kupunguza soda na sukari kwenye chai, na kuongeza mboga na maharagwe pia husaidia.

Wakazi walio na uzito mkubwa, shinikizo la damu au jamaa wa karibu mwenye kisukari wanahimizwa kupimwa katika kituo cha afya kilicho karibu. Kipimo huhitaji tone la damu tu. Sukari ikifika milimoli 7.0 kwa lita au zaidi kabla ya kula asubuhi, mhudumu atarudia kipimo ili kuthibitisha. Anayetumia dawa asiache bila kumwona daktari, hata akijihisi mzima.